OpenSSL kwenye AIX: kabla ya kutafuta dawa, jua ni nani anayelalamika

Wakaguzi wa usalama wa mifumo siku hizi hawana simile. Ripoti inakuja na mstari mmoja mwekundu: OpenSSL iliyo kwenye seva fulani ni ya toleo lisilohudumiwa tena, ibadilishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Seva yenyewe si Linux. Ni AIX, mfumo endeshi wa IBM, imo kwenye chumba cha mashine tangu nusu ya wafanyakazi wa idara hawajaajiriwa, na ndiyo inayobeba mfumo mkuu wa benki. Kijana wa TEHAMA aliyezoea kuandika amri moja kwenye Ubuntu na kila kitu kikajipanga anapakua msimbo, anaanza kuujenga, na skrini inamjibu kwa namba: 0707-126, 0711-317, 0509-036. Maswali yanaanza hapo. Kwani programu si huria? Si tuliambiwa inaendeshwa popote? Au hii mashine imezeeka?

Mashine haina shida, na msimbo pia hauna shida. Ila kutoka msimbo hadi programu inayoendeshwa kuna hatua kadhaa, kila hatua ina chombo chake, na kila chombo kina malalamiko yake. Anayekimbilia suluhisho bila kujua ni chombo gani kilichosema huishia kunakili amri za watu wasiomjua, moja juu ya nyingine, mpaka mfumo uliokuwa mzima unaharibika kweli.

Maneno kwanza

OpenSSL ni maktaba, yaani mkusanyo wa fanksheni ambazo programu nyingine huziazima badala ya kila moja kuandika zake. Imegawanyika sehemu mbili kubwa. Ya kwanza, libcrypto, inafanya hesabu za usimbaji fiche: AES, RSA, SHA-256, uzalishaji wa namba nasibu. Ya pili, libssl, inatumia hesabu hizo kuendesha itifaki ya TLS, ile inayolinda mawasiliano ya kila anwani inayoanza na https. Mradi wa OpenSSL ulianza mwishoni mwa 1998 kutokana na msimbo wa SSLeay ulioandikwa na Eric Young na Tim Hudson. Tangu toleo la 3.0, lililotoka Septemba 2021, unatumia leseni ya Apache 2.0.

Huria maana yake ni kwamba msimbo uko wazi: unausoma, unaurekebisha, unaujenga mwenyewe. Hapo kuna wasiwasi unaorudi kila mara kwenye vikao vya mabosi: kama kila mtu anauona msimbo wa usimbaji fiche, si wezi nao wanauona? Wanauona, lakini hilo peke yake haliwapi siri yako. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujulikani. Siri ni ufunguo. Lakini wale wanaodhani uwazi peke yake unatosha nao wamekosea. Kasoro ya Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014, ilikaa miaka miwili ndani ya msimbo ulio wazi kabisa kabla ya kugunduliwa. Msimbo kuwa wazi ni jambo moja, kuwepo mtu aliyeusoma ni jambo jingine.

Unix ya kampuni ni mfumo endeshi wa ukoo wa Unix ambao msimbo wake unamilikiwa na kampuni na kuuzwa kwa leseni. AIX ni ya IBM, ipo tangu 1986, na leo inaendeshwa kwenye mashine za Power tu. Solaris ilikuwa ya Sun hadi Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010. HP-UX ni ya upande wa Hewlett-Packard. Linux inafanana nazo kwa tabia lakini msimbo wake ni mwingine. Kwa taarifa ya wanaoicheka AIX huku wamefungua MacBook: macOS nayo imeidhinishwa rasmi kuwa UNIX, na ni mali ya kampuni vilevile.

Kujenga ni kugeuza msimbo kuwa programu ambayo prosesa inaweza kuiendesha. Kwa OpenSSL mambo yanakwenda hivi. Kwanza unaendesha hati iitwayo Configure, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, ambayo inauliza unajengea mfumo gani na kutengeneza maelekezo ya kazi. Kisha kompaila inabadilisha kila faili la msimbo kuwa faili la mashine. Chombo kiitwacho ar kinayafunga mafaili hayo ndani ya jalada moja lenye kiambishi .a. Kiunganishi, yaani ld, kinaunganisha vipande kuwa programu au maktaba kamili. Mwisho, siku unapoiendesha, kipakizi cha mfumo kinaipandisha kwenye kumbukumbu pamoja na maktaba zote inazozitegemea.

Namba zinataja jina

AIX ina tabia moja nzuri ambayo wageni wanaiona kuwa kero: karibu kila ujumbe wa kosa una namba, na tarakimu nne za mwanzo ni kitambulisho cha chombo kilichosema. 1506 ni kompaila ya XL C ya IBM. 0707 ni ar. 0711 ni kiunganishi. 0509 ni kipakizi. Ukizishika hizo nne umeshapunguza nusu ya kazi, kwa sababu tiba ya kosa la kipakizi haina uhusiano wowote na kompaila, na kinyume chake.

Chukua mfano wa mtu anayeona ujumbe unaoanza na 0509 na kuanza kujenga upya kila kitu kwa kompaila nyingine. Ataona ujumbe uleule saa mbili baadaye. Kipakizi kinazungumza wakati programu imeshajengwa. Kinachokosekana ni njia ya kuifikia maktaba.

Mtindo huu wa namba hauna mwenzake kwenye Linux, na kompaila mpya ya IBM, Open XL, imejengwa juu ya Clang, kompaila huria, kwa hiyo inalalamika kwa mtindo wa Clang. Kwenye ar, ld na kipakizi, namba ziko palepale.

Kompaila: mara nyingi haipo

Kosa la kwanza kabisa huwa halina hata namba. Unaandika cc na mfumo unasema hauijui. Kwenye Unix nyingi za kampuni, kompaila kwa desturi ni bidhaa inayoongezwa kando, na seva ya uzalishaji kwa kawaida haiwi nayo, jambo ambalo kiusalama ni zuri. Solaris ya zamani ilikuwa na mtego wake: faili /usr/ucb/cc lipo, linaendeshwa, halafu linajibu kwamba `language optional software package not installed`. HP-UX nayo inakuja na kompaila ndogo iliyowekwa kwa ajili ya kujengea kiini cha mfumo, ambayo haiwezi kazi ya maana zaidi ya hapo.

Kwenye AIX njia rahisi ni AIX Toolbox, mkusanyo wa programu huria ambao IBM yenyewe inautoa kwa mfumo wa vifurushi wa RPM na unaokaa chini ya /opt/freeware. Humo kuna GCC (kompaila huria), gmake (make ya mradi huria wa GNU, yaani chombo kinachoendesha hatua za ujenzi) na Perl. Ukishaipata kompaila, hakikisha pia vifurushi vya bos.adt vimewekwa, maana ndivyo vinavyobeba mafaili ya vichwa, yale ambayo msimbo huyaita kwa #include, na zana za msingi za wajenzi. Ujumbe wa 1506-296, unaosema faili la #include halikuonekana, mara nyingi unamaanisha kifurushi cha aina hiyo hakijawekwa. Herufi kwenye mabano baada ya namba nayo inasema kitu: (W) ni onyo tu, (S) ni kosa linalozuia kazi. Kuna watu wamepoteza asubuhi nzima wakipambana na mistari ya (W) wakati (S) iko moja tu, chini kabisa.

Kosa jingine linalochanganya ni GCC kulalamika kwamba kumbukumbu imeisha kwenye mashine yenye RAM ya kutisha. Hapo angalia `ulimit -a`. Mpangilio wa kawaida wa AIX unampa mtumiaji eneo la data la MB 128 tu, na kompaila inapokutana na faili kubwa hilo halitoshi. `ulimit -d unlimited`, au mabadiliko kwenye /etc/security/limits, yanamaliza mjadala.

Biti 32 na biti 64: chimbuko la ugomvi mwingi

Hapa ndipo panapowaangusha watu wa Linux. Kwenye Linux ya leo umezoea kwamba mashine ni ya biti 64, kwa hiyo kila kitu ni biti 64 na hakuna anayekuuliza. AIX haiendi hivyo. Kiini chake ni cha biti 64 lakini zana zake, usipoziambia kitu, zinafanya kazi kwa biti 32. Kompaila inatoa mafaili ya biti 32, ar inatafuta mafaili ya biti 32, nm, inayoorodhesha majina yaliyomo kwenye mafaili, inaonyesha ya biti 32. Lile la biti 64 linaweza kuwa lipo mbele ya macho yao na bado wasilitambue.

Mtu anaandika `-maix64` kwenye vigezo vya kompaila akidhani ameshamaliza. Kompaila inatii. Kisha ar inafika, inakuta mafaili ya biti 64, na kusema:

```
ar: 0707-126 aes_core.o is not valid with the current object file mode.
        Use the -X option to specify the desired object mode.
```

Faili halina kasoro. Ar imeambiwa ishughulike na aina moja na imeletewa nyingine. Unaweza kuongeza `-X64` kwa kila amri, au kuweka kigezo cha mazingira ambacho zana za AIX zenyewe, kama ar na nm, zinakisoma:

```
export OBJECT_MODE=64
```

Kwa OpenSSL, bora zaidi ni kuitajia Configure jina kamili la shabaha badala ya kuiachia ikisie:

```
./Configure aix64-gcc --prefix=/opt/openssl3
```

Majina haya si pambo. aix-gcc ni biti 32 kwa GCC, aix64-gcc ni biti 64, na ukiondoa gcc ukaweka cc unapata yanayotumia kompaila ya IBM. Kila jina linabeba vigezo sahihi vya kompaila, vya ar na vya kiunganishi kwa pamoja. Anayeandika `-maix64` kwa mkono juu ya aix-gcc ameambia chombo kimoja tu kati ya vitatu.

Na kabla ya yote hayo jiulize: programu itakayoitumia maktaba hii ni ya biti ngapi? Programu ya biti 32 haiwezi kabisa kuazima kutoka maktaba ya biti 64. Ukikuta 0509-103, kwamba moduli ina namba ya utambulisho isiyo halali, karibu kila mara ni hizo aina mbili zimekutanishwa. Solaris ina ugonjwa huohuo na inausema waziwazi zaidi: `wrong ELF class`.

Jambo moja zaidi kuhusu zana. AIX Toolbox inaweza kukuletea pia ar na ld za GNU, na PATH yako (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri) ikianza na /opt/freeware/bin unaweza kuzichanganya na za AIX bila kujua. GCC kwenye AIX imezoea kufanya kazi na kiunganishi cha IBM. Weka /usr/bin mbele, halafu iite gcc na gmake kwa njia yake kamili kama kuna haja. Kuhusu make ya mfumo dhidi ya gmake, tumia gmake. Programu nyingi huria za usimbaji fiche zimeandikwa kwa kuitegemea hiyo.

Kiunganishi na ile nukta

Kosa maarufu la kiunganishi ni hili:

```
ld: 0711-317 ERROR: Undefined symbol: .SSL_CTX_new
ld: 0711-345 Use the -bloadmap or -bnoquiet option to obtain more information.
```

Msimamizi anapekua msimbo akitafuta `.SSL_CTX_new` yenye nukta mbele, hakuna kitu. Haipo kwa sababu hakuna aliyeiandika. Muundo wa mafaili ya AIX, XCOFF, unaipa kila fanksheni majina mawili: lenye nukta linaelekeza kwenye maagizo yenyewe, lisilo na nukta linaelekeza kwenye rekodi ndogo inayoielezea fanksheni hiyo. Ondoa nukta, na ujumbe unasomeka vizuri: kuna mtu anaiita SSL_CTX_new na kiunganishi hakikuipata popote. Ama umesahau `-lssl -lcrypto`, ama `-L` inaelekeza kwenye folda yenye toleo la zamani lisilo na fanksheni hiyo, ama maktaba ipo lakini ni ya biti nyingine. Sababu hii ya tatu ndiyo inayokera, maana kiunganishi kinaweza kulipita jalada zima kimyakimya na kulalamika tu kwamba majina hayakupatikana. Kwenye Solaris ya zamani kuna sababu ya nne: fanksheni za mtandao zinaishi kwenye maktaba zao, kwa hiyo lazima uongeze `-lsocket -lnsl`.

Ukikutana na 0711-781, TOC overflow, usiogope jina lake. Jedwali ambalo programu ya AIX hutumia kuhifadhi anwani zake limejaa. Ongeza `-Wl,-bbigtoc` uendelee.

Kipakizi: siku ya harusi

Ujenzi umekwisha, hakuna kosa hata moja. Unaendesha programu:

```
exec(): 0509-036 Cannot load program ./openssl because of the following errors:
        0509-150   Dependent module libssl.so could not be loaded.
        0509-022 Cannot load module libssl.so.
        0509-026 System error: A file or directory in the path name does not exist.
```

Faili unaliona kwa macho. `ls` inalionyesha. Vipi mfumo useme halipo?

Kiunganishi ni kama mshenga. Kazi yake ni kupatanisha pande mbili na kuandika nani ataleta nini. Akishapata majina na makubaliano, kwake ndoa imeshakamilika. Kipakizi ni siku yenyewe ya harusi. Siku hiyo haisaidii kwamba jina la mjomba limo kwenye orodha. Anatakiwa afike, na anayekwenda kumchukua awe na anwani sahihi. Ujumbe wa 0509-026 unasema tu: nilikwenda kwenye anwani nilizopewa, sikumkuta.

Anwani hizo zimeandikwa ndani ya programu, na unaweza kuzisoma:

```
dump -X64 -H ./openssl
```

Tazama sehemu ya Import File Strings. Mstari wa namba 0 ndio orodha ya folda ambazo kipakizi kitapita, zikitenganishwa na nukta mbili. Mistari inayofuata inataja kila maktaba na, kwenye safu ya mwisho, kipande kilicho ndani yake. Safu hiyo ya mwisho ndiyo tofauti kubwa kati ya AIX na Linux. Kwenye Linux maktaba ya kushirikiana ni faili moja la .so. Kwenye AIX, kwa desturi, ni jalada la .a ambalo ndani yake mna faili la .so, au kadhaa. Jalada moja la libcrypto.a linaweza kubeba vipande vya biti 32 na 64, na vya matoleo tofauti, kwa pamoja. Kwa hiyo kuwepo kwa faili hakutoshi. Lazima kipande sahihi kiwemo ndani. Kikikosekana, namba inabadilika na kuwa 0509-152, kwamba kipande fulani hakimo kwenye jalada. Kuona vilivyomo ni `ar -X32_64 -t libcrypto.a`.

Tiba ya haraka ambayo kila mtu mtandaoni anaitaja ni kigezo cha LIBPATH, ndugu wa LD_LIBRARY_PATH ya Linux. Kwa kujaribu mara moja ndani ya dirisha lako, ni sawa. Kukiandika kwenye /etc/environment ili kila mtu anufaike ni kutafuta balaa. Mfano unaojulikana ni libiconv: mfumo una yake kwenye /usr/lib, Toolbox ina ya GNU kwenye /opt/freeware/lib, zote zinaitwa libiconv.a lakini vipande vya ndani havifanani. LIBPATH ikiitanguliza ya GNU, amri za mfumo zenyewe zinaanza kudai kipande shr4.o ambacho hakimo. Tena, programu zenye ruhusa maalumu za setuid zinaipuuza LIBPATH kabisa. Dawa inayodumu ni kuandika anwani ndani ya programu wakati wa kuijenga:

```
-Wl,-blibpath:/opt/openssl3/lib:/usr/lib:/lib
```

Usisahau /usr/lib na /lib mwishoni. Ukishaandika blibpath umefuta orodha ya kawaida, na bila hizo hata libc, maktaba ya msingi ya mfumo, haitapatikana.

Kujengeka si kuwa salama

Kwa programu nyingi, ikijengeka na kuendeshwa, umemaliza. Ya usimbaji fiche ni tofauti, kwa sababu kosa lake halionekani. Programu ya mishahara ikikosea hesabu, watu watapiga kelele kabla ya jioni. Kizalishaji cha namba nasibu kikikosea, vyeti vinatoka, kurasa zinafunguka, kila mtu anafurahi.

Debian, aina mojawapo ya Linux, inalijua hilo vizuri. Mwaka 2006 mhudumu wa kifurushi cha OpenSSL aliondoa mistari iliyokuwa ikisababisha maonyo kwenye chombo cha kukagua kumbukumbu, Valgrind. Maonyo yakaisha. Pamoja nayo ikaondoka karibu nasibu yote iliyokuwa ikiingia kwenye kizalishaji. Kilichobaki ni namba ya mchakato, yenye uwezekano usiozidi 32,768. Funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu kwa karibu miaka miwili zikawa za kukisiwa, hadi Luciano Bello alipoligundua hilo na likatangazwa Mei 2008. Kwa hiyo unapojenga kwenye AIX na kompaila ikakunung'unikia kuhusu mstari fulani wa libcrypto, usiufute ili ukimya upatikane.

Fanya hivi badala yake. Baada ya kujenga na kabla ya kusakinisha, endesha `gmake test`. Inachukua muda, iache ichukue. Jaribio likianguka, endesha hilo moja kwa kina, kwa mfano `gmake V=1 TESTS=test_rsa test`, usome linachosema. OpenSSL ina msimbo wa asembli ulioandikwa kwa kila aina ya prosesa kwa ajili ya kasi, na kompaila nazo zina kasoro zake zinapojitahidi kuharakisha mambo. Jenga upya ukiweka `no-asm`, halafu jaribu kupunguza kiwango cha uboreshaji wa kompaila. Majaribio yakipita baada ya hapo, umeshajua upande wa kuutazama, na mara nyingi tiba ni toleo jipya zaidi la kompaila.

Kipimo kidogo cha mkono nacho kinafaa, hasa kwa sababu Power kwenye AIX hupanga baiti kwa kuanza na kubwa, kinyume na prosesa za Intel, na msimbo uliosahau hilo utatoa jibu lisilo sahihi bila haya:

```
printf abc | ./openssl dgst -sha256
```

Jibu, baada ya alama ya =, lazima lianze na ba7816bf na kuishia na f20015ad, kwenye AIX, kwenye simu, popote. Tumia printf, si echo. Echo inaongeza alama ya mstari mpya mwishoni, na SHA-256 ya herufi nne si ya herufi tatu. Wapo waliotangaza kwamba AIX imeharibika kwa sababu hiyo tu.

Ujumbe wa `PRNG not seeded` nao usiupuuze wala usiuzibe kwa mbegu ya kubuni. PRNG ni kizalishaji cha namba nasibu, na maana yake ni kwamba OpenSSL haikupata chanzo cha nasibu. Solaris 8 haikuwa na /dev/random hadi kiraka maalumu kilipowekwa. AIX inayo tangu 5.2, kwa hiyo kwenye AIX ya leo mahali pa kwanza pa kuangalia ni kama programu imefungiwa ndani ya chroot (folda ambayo programu inaiona kama mfumo mzima) isiyo na /dev/urandom.

Mahali pa kuiweka

IBM inatoa OpenSSL yake kwa AIX, kifurushi cha openssl.base, na `lslpp -l openssl.base` itakuonyesha toleo ulilo nalo. Ushauri wangu ni kwamba kama toleo la IBM linatosheleza ripoti ya mkaguzi, chukua hilo, usijenge chochote. Jenga pale programu yako inapohitaji toleo au chaguo ambalo IBM haina, na ukijenga, weka kwenye folda yake peke yake kama /opt/openssl3. Usinakili libcrypto.a yako juu ya ile ya /usr/lib. OpenSSH ya AIX, inayotumika kuingia kwenye seva kutoka mbali, inaitegemea ile, na ukiibadilisha na isiyofanana, huduma yake ya sshd haitapokea tena mtu. Ukigundua hilo ukiwa umeingia kwa SSH kutoka nyumbani, usifunge dirisha ulilonalo. Njia nyingine ya kuingia itakuwa konsoli ya HMC, mashine inayosimamia seva za Power, kama unayo nywila yake.

Kupakua nako kuna kichekesho chake. AIX iliyozeeka inaweza kushindwa kuifikia tovuti ya OpenSSL kwa sababu TLS yake ni ya zamani mno, yaani unahitaji OpenSSL mpya ili upate OpenSSL mpya. Pakua kwa kompyuta yako, hakiki saini na SHA-256 hukohuko, kisha hamisha kwa sftp.

Ukishasakinisha, mkaguzi anaweza kurudi na mstari uleule mwekundu, na safari hii akawa na haki. Mchakato ulioanza kabla ya mabadiliko unaendelea kushika maktaba ya zamani mpaka uanzishwe upya, na AIX inaweza kuiweka maktaba ya kushirikiana kwenye kumbukumbu hata baada ya wote kuiacha. `genld -l` inaorodhesha kila mchakato na maktaba ulizozishika. Tafuta humo njia ya zamani, anzisha upya huduma zinazoitumia, halafu `slibclean` kwa mamlaka ya root iondoe kilichobaki.